Jicho la Kuume la Yaya Faida

Tangu tumerudi, kila kichwa ninachokishika kinauliza. Nimeanza kumsuka mtu, nimefika katikati, anageuka: "Sifa, ni kweli huko Uhindi walimfunga yaya yako juu ya meza kwa skrubu?" Namrudisha kichwa mahali pake, naanza kusimulia, msuko unapinda, mteja ananuna. Nimechoka, jamani. Nimeandika yote hapa, msome kwenye simu zenu, halafu mkija kusukwa mtulie. Habari za pasipoti, viza na pesa sitazigusa. Waliotusaidia wanajijua, na Mungu anawajua.

Kwa asiyetujua: Faida ni yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, tumezaliwa tumbo moja. Ni mshonaji, na cherehani yake iko kwa barza ya nyumba yetu Nyamianda, hapa Uvira, karibu na mahali ninaposukia watu. Ilianza kwa pua kuziba upande wa kuume. Tukasema mafua. Ikaanza kutoka damu, tukasema jua kali. Halafu jicho la upande huo likaanza kusukumwa nje kidogo kidogo, mpaka akawa anatunga uzi kwenye sindano huku amefunika jicho moja. Hapo hatukusema tena kitu. Waganga wa hospitali walikuta kansa kwenye vile vishimo vya hewa vilivyo nyuma ya pua, imeegemea mfupa wa jicho. Wakasema kuikata yote ni kuondoka na jicho.

Faida aliwajibu, "Minye niko mushonaji. Mukitoa jicho, mutoe na cherehani." Ndipo munganga mmoja akatuambia kuna mionzi ya namna nyingine, haipatikani huku, inayoweza kufika kwenye uvimbe ikaliacha jicho. Hatukusafiri kwa sababu nyingine. Tulitaka arudi mzima, na arudi na macho mawili.

Nyamianda hadi Bujumbura

Mama alituaga akiwa amekaa kitandani, maana miguu ilikuwa imemvimba siku hizo. Alimshika Faida uso kwa mikono miwili, akamwangalia muda mrefu, akasema, "Muende, murudi." Hakulia, na sisi hatukulia. Kaka yetu Ombeni alipakia mifuko, nasi tukaondoka.

Kufika mpakani Kavinvira ni karibu, mnajua. Lakini ng'ambo ya mpaka, Gatumba, maji yalikuwa yamekata barabara. Ziwa limepanda, mto Ruzizi umepanda, nyumba zimesimama ndani ya maji mpaka madirishani. Gari letu lilizimika katikati. Vijana wakaja kusukuma, wakapatana bei na dereva huku wamesimama kwenye maji, na mmoja akatuambia tusishuke kwa sababu kiboko alionekana asubuhi. Faida alikuwa na kitambaa puani. Akaniambia polepole, "Kansa haikuniua, sasa kiboko." Nikacheka mpaka dereva akageuka kutuangalia vibaya.

Kilichoniudhi ni kwamba uwanja wa ndege uko upande huo huo. Tuliupita tukienda mjini kulala, kesho yake tukarudi kulekule. Na kesho yake petroli ilikuwa shida Bujumbura, teksi ya kwanza ikakataa, ya pili ikatubeba kwa petroli ya kubahatisha. Nilikaa mbele, macho yangu kwenye ule mshale wa petroli njia nzima. Mwenyeji wetu alikuwa ametufungia samaki wa mukeke wa kukaanga na ndizi, tukamaliza kabla ya kuingia ndani, maana Faida alisema chakula cha ndege hakina asili.

Angani na Addis Ababa

Ndege ilipoanza kupanda, Faida alinishika mkono kwa nguvu. Ile hewa ya juu ilimbana vile vishimo vilivyojaa uvimbe, akawa anauma meno. Tukikaribia kushuka Addis Ababa, damu ikatoka puani na safari hii haikusimama. Mama mmoja wa Kiethiopia aliyekaa pembeni yetu alivua shuka lake jeupe la begani, jembamba, zuri, akalikunja akamkandamizia puani. Nikamwambia kwa mikono kwamba litaharibika. Akanipiga kidogo kwenye kidole, kama unavyompiga mtoto anayegusa sufuria.

Sasa fikirini: Wakongo wawili wanashuka, mmoja ana damu kifuani mpaka tumboni. Watu walirudi nyuma. Tukaingizwa kwenye chumba pembeni, wakaja watu wamevaa glavu na barakoa, wakapima joto, wakauliza kwa Kiingereza. Nilielewa wanaogopa ugonjwa gani, na siwalaumu, hata mimi ningerudi nyuma. Lakini Kifaransa changu hawakukielewa, na Kiingereza chao sikukijua. Mwishowe nikatoa picha ya skana kwenye begi, nikaibandika kwenye dirisha la mwanga, nikaonyesha pua, nikaonyesha uvimbe, nikaonyesha jicho. Daktari kijana akaangalia, akavua glavu, akaja kumshika Faida bega kwa mkono mtupu. Ndege yetu ilikuwa imekwishaondoka. Tukalala pale, tukala injera, ule mkate wao mpana wenye vitundu, kwa wingi, Faida akasema ni kitumbua kilichokata tamaa.

Chennai: nyumba ya Mama Vasanta

Chennai iko pwani, kusini ya Uhindi, na joto lake si la mchezo. Uvira ni joto, ndiyo, lakini jioni ziwa linatusaidia. Kule hakuna cha kukusaidia. Tulipangisha chumba kwa mjane mmoja, Mama Vasanta, mama mnene mwenye sauti ya kuuza samaki sokoni, ingawa samaki wenyewe hataki hata kuwaona. Siku ya kwanza alitutandikia mezani jani la mgomba, moja kwa kila mtu. Sisi tukangoja sahani. Kwetu jani ni la kufungia au kufunikia. Naye akangoja tule. Alipoona tunaangaliana tu, akamimina wali na mchuzi wa dengu juu ya jani, mchuzi ukatiririka kuelekea gauni la Faida, na sote watatu tukaukimbilia kwa vidole. Toka hapo akatupenda.

Ndagala walituharibia mapenzi hayo kwa muda. Nilikuwa nimebeba mfuko mzima kutoka soko letu. Nilipowakaanga, Mama Vasanta alipanda ngazi akipiga kelele, amefunga pua kwa sari. Yeye hali kitu kilichokuwa na macho. Tukaelewana kwamba samaki wahamie juu ya paa, nikawaweka kwenye ndoo. Kunguru wa Chennai waliifunua ndoo, wakala ndagala wa Uvira wote. Nilisimama pale na sufuria yangu, nikawatukana kwa Kifuliiru, wakaendelea kula.

Hospitalini tulipewa mkalimani, Bwana Murali, Mhindi aliyekulia Dar es Salaam. Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu. Munganga wetu alikuwa mama mfupi mwenye miwani, haharakishi maneno. Kwanza walitoa sehemu ya uvimbe kwa kupitia tundu la pua. Iliyobaki, ile iliyong'ang'ania mfupa wa jicho, wakaiachia mionzi.

Bwana Murali akatueleza. "Mionzi ya kawaida huingia mbele ikatokea nyuma, na njia nzima inaunguza. Hii ni chembe ndogo sana, protoni. Zinakimbizwa kwa mashine kubwa iliyo nyuma ya ukuta ule, kisha zinaingia kwa mgonjwa, zinafika kina zilichopimiwa, zinasimama. Nyuma ya hapo haziendi."

Nikamgeuzia Faida kwa njia yetu. "Ni kama muntu wa pikipiki wa Luvungi. Unamwonyesha nyumba, anakufikisha kwa mulango, anazima. Haingie ndani ya jirani."

Faida akafikiri. "Na kama mulango imesogea?"

Bwana Murali akamtafsiria munganga, na munganga akamnyooshea Faida kidole, akafurahi. "Hilo ndilo swali. Ndiyo maana lazima usisogee kabisa."

Hapo ndipo ile habari ya skrubu. Wanachukua plastiki yenye matundu, wanailainisha kwenye maji ya moto, wanakulaza, wanakufunika nayo uso mpaka kichwani, wanaikandamiza kama unga wa chapati. Ikipoa inakuwa ngumu, ina pua yako, ina kidevu chako, ina kila kitu. Hiyo maski inafungwa kwenye meza kila siku ya mionzi. Faida alikuwa na misuko iliyolala kichwani niliyomsuka mwenyewe kabla ya safari, nyembamba, haina hata nundu moja. Fundi wa maski aliipapasa akasema ni nzuri, ibaki hivyo hivyo. "Usinenepe, usikonde, ukipata mafua utuambie," Bwana Murali akatafsiri. "Kichwa hiki tulichokipima ndicho tunachokitaka kila siku."

Akaanza. Siku ya kwanza alitoka na alama za matundu usoni, kama aliyelala juu ya kikapu, akaniambia, "Sifa, nimefumba macho na nimeona mwangaza wa buluu. Kama radi juu ya ziwa, bila sauti." Niliogopa, lakini Bwana Murali akasema wagonjwa wengi wanauona, ni zile chembe zikipita karibu. Basi kila akitoka nikawa namuuliza kama radi imepiga.

Habari kutoka nyumbani

Ombeni alinipigia simu wakati Faida yuko ndani ya mashine. Akasema, "Sifa, kaa chini." Nikakaa. Mama alikuwa amekufa, na walikuwa wamekwisha kumzika Songo, karibu na baba. "Usimwambie Faida," akasema. "Wazee wamekaa, wamesema hivyo. Mgonjwa haambiwe."

Mnajua desturi yetu, sikuwa na la kubishana. Lakini nilikuwa na hasira, nyie, hasira ya kutaka kuvunja kitu. Wao huko wanalia pamoja, wanapika, wanaimba, wana mkeka wa kukaa. Mimi niko kwenye kiti cha chuma, mlango unafunguka, yaya yangu anatoka na uso wa matundu anasema, "Leo radi ilikuwa kubwa." Nikamwambia, "Vizuri, yaya, vizuri." Tena nilikuwa nafikiri: akilia sana pua itajaa, na wamesema wanataka kichwa kile kile. Kwa hiyo nikanyamaza kwa sababu mbili.

Kitu kimoja tu kilinishinda. Mama amekufa, na mimi bintiye natembea na misuko kichwani kama niko arusi. Kwetu akifa mzazi, watoto wananyolewa. Faida alipokuwa amelala mchana, niliingia bafuni nikajinyoa mwenyewe kwa wembe, kwa kupapasa, mimi niliyesuka nusu ya Nyamianda. Nikafunga kitambaa. Nywele nikazifungia kwenye gazeti.

Asubuhi ya Jumapili, siku isiyo na mionzi, tulikuwa tumekaa kitandani tunakula idli, zile keki nyeupe za wali. Faida akaniangalia kitambaa.

"Joto yote hii, weye unalala na kitambaa?"

"Kichwa kinauma."

"Toa nione."

"Apana, yaya, acha."

Alinyoosha mkono akakivuta. Kikatoka chote. Alikiangalia kichwa changu kilichokatwakatwa na wembe, na hakuniuliza kimekuwaje. Aliuliza neno moja tu, "Mama?"

Nikainamisha kichwa, na hilo lilimtosha. Alilia kwa sauti ya kwetu, ile ya matanga, mpaka kunguru wakaruka kwenye paa. Nami nikalia kilio nilichokuwa nimekificha tangu ile simu. Alipotulia akajipangusa, akasema, "Lete wembe."

"Yaya, munganga alisema tusibadilishe kitu."

"Alisema kunenepa, alisema kukonda. Weye unasikia alisema nywele? Ile maski iko ya sura. Lete wembe, Sifa. Mama yangu hakuiba mbuzi ya muntu, sitamulilia na misuko."

Nikaleta. Na kusema kweli, hata mimi nilidhani maski ni ya sura. Nilifumua msuko mmoja mmoja, nikamnyoa taratibu, vizuri, kuliko nilivyojinyoa mimi.

Mlango ukafunguka, Mama Vasanta huyo, amesikia kelele zetu. Alituona vichwa viwili vinang'aa, akapiga makofi, uso wote furaha! Akashuka mbio, akarudi na bakuli la udongo wa njano unaonukia na sahani ya vitu vitamu, akaanza kutupaka vichwani huku anaimba. Sisi tumeganda. Nikampigia Bwana Murali simu, nikamwambia aongee naye, kwa sababu mimi naona mwenye nyumba amepata wazimu.

Kumbe kwao mtu anayetoka amenyolewa hivyo ni aliyekwenda hekaluni kutimiza nadhiri yake. Mungu amemsikia, mgonjwa amepona. Na ule niliodhani udongo ni msandali, unga wa mti wa kunukia, wa kupoza ngozi ya kichwa. Alikuwa anatupongeza. Bwana Murali alipomweleza, mikono yake ilibaki hewani na msandali unadondoka. Kisha akaketi sakafuni, na sari yake yote, akaegemea ukuta pamoja na sisi. Hakuondoka mpaka mchana. Huo ndio mkeka wetu wa matanga, na sitausahau.

Maski isiyokaa

Jumatatu walimlaza, wakamfunika maski, wakafunga. Mimi nilikuwa nje, na mlango ukafunguka mapema mno. Fundi akatoka, akamwita mwenzake, wakamwita munganga. Bwana Murali akaja amekunja uso.

"Mama Sifa, kichwa kinacheza ndani. Misuko ilikuwa inajaza nafasi nyuma. Sasa kinainuka na kushuka, kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha kuzifikisha zile chembe kwenye mshipa wa jicho. Hawawezi kumpiga mionzi."

Yaani wembe wangu, mkono wangu. Nikaanza kueleza yote kwa mara moja, mama, wazee, Songo, kunyolewa, Bwana Murali akawa anatafsiri huku anafuta jasho. Nilingoja kufokewa. Munganga alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema kwao pia wananyolewa, wanaume ndio wanaonyolewa, naye alimwona baba yake akinyolewa kwa ajili ya bibi. Akasema watengeneze maski mpya, skana mpya, hesabu mpya, na siku hizo za kungoja hazina njia ya mkato.

"Na uvimbe?" nikauliza. "Nao utangoja?"

"Hilo ndilo tutaangalia kwenye skana," akasema.

Siku hizo Faida hakula. Alikaa dirishani, akawa anafunika jicho la kushoto, anasoma mabango ya ng'ambo ya barabara kwa la kuume, herufi za Kitamil asizozijua, anazichora kwa kidole hewani kuhakikisha anaziona. Niliomba rozari mpaka vidole vikauma. Nilimwomba mama pia, nikamwambia yeye ndiye aliyetutia kwenye matata haya, atutoe.

Skana ilisema uvimbe haukusogea. Wakamfunga maski mpya juu ya kichwa kilichonyolewa, mwanga wa buluu ukarudi, na tangu hapo kila Jumapili nilimnyoa tena, kwa amri ya munganga, kichwa kibaki kile kile. Mama Vasanta akawa analeta msandali. Mwisho wa tiba jicho liliwaka jekundu, likauma, kisha likatulia. Munganga akalipima muda mrefu. Linaona, akasema. Kansa itafuatiliwa kwa miezi na miaka, hawezi kuapa. Lakini tezi ya machozi upande huo imechoka, huenda jicho lisitoe machozi tena. Akampa dawa ya matone, ya kutumia kila siku.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na kisa, hata Gatumba maji yalikuwa yameshuka. Tulikuta Ombeni ametandika mikeka uani. Kwetu aliyekuwa mbali akirudi, matanga yanafunguliwa upya kwa ajili yake. Majirani walikuja, na mama mdogo, yule mdogo wake mama, akakaa mbele yetu. Kilio kikaanza.

Faida alilia sana. Lakini jicho la kushoto lilikuwa linatiririka mpaka shingoni, na la kuume kavu kabisa, limefumbuka, linaangalia. Wanawake wakaanza kutazamana, nami nikaona minong'ono inazunguka. Mama mdogo hana breki mdomoni, mnamjua. Akasema mbele ya watu wote, "Faida, sisi tulimulilia mama yako na macho mbili. Weye unamulilia nusu?"

Nilitaka kuinuka nimjibu, Faida akanizuia kwa mkono. Akajipangusa shavu la kushoto. Kisha akalifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akamgeukia mama mdogo, akamwangalia kwa lile kavu, kutoka usoni, polepole, mpaka chini kwenye pindo la gauni.

"Mama mudogo," akasema, "hii gauni ni minye nilishona. Ni ya mama. Ile pindo ilikuwa imeanza kufumuka nyuma, nilimwambia ningerudi kuikazia. Simama, nione kama iko bado vile."

Mama mdogo akasimama, akageuka. Ilikuwa bado vile.